Ua wa Minyaa na Mashine Yako ya Kutafutia

Misunkumilo, Alhamisi mchana

Mwanangu Nyamizi,

Mama yako amekupeleka Nsemulwa kumuaga shangazi yako, na nyie wawili mkishakaa kwa shangazi hamrudi mpaka jua lipoe. Kwa hiyo nina kama saa tatu, kalamu moja, na karatasi nane nilizochomoa katikati ya daftari la karakana. Mambo ya sabuni, ya kutopokea chakula cha mtu usiyemjua kwenye behewa, ya kufunga sanduku kwa kamba mara mbili, mama yako ameyamaliza. Nilikuwa nasikiliza kutoka nje. Alipofika agizo la kumi na saba nikaacha kuhesabu.

Mimi nina jambo moja na aibu tatu. Aibu mbili unazijua nusunusu. Ya tatu huijui kabisa, na nitaiandika mwisho, maana nikianza nayo hutasoma mengine.

Jambo lenyewe tunalijua wote. Jumatatu saa mbili asubuhi uwe umesimama mbele ya bosi wako Dar es Salaam. Treni inaondoka kesho Ijumaa. Jumamosi uko Tabora, Jumapili ushuke Dar kama reli haina matata. Una usiku mmoja wa akiba, basi. Ukishindwa, nafasi yako inachukuliwa na mtu mwingine. Telegramu ya ofisi yako imesema hivyo bila kuzunguka.

Kwanza nataka nikumbushe ulivyofika hapa wiki sita zilizopita, kwa sababu kesho utaondoka umenyoosha shingo, na mtu aliyenyoosha shingo husahau upesi alikotoka. Ulishuka na lile sanduku la bati, ukasalimia, ukanywa maji, halafu ukaja karakana ukakaa juu ya gogo la fuawe kama ulivyokuwa unakaa ukiwa mdogo. Nilikuwa nanyoosha ncha ya plau. Ukasema mwenyewe.

"Baba, ukurasa wangu hauonekani."

"Umepotea?"

"Haujapotea. Upo. Ila mtu akitafuta, hauji."

Nikaweka nyundo chini. Ukanieleza taratibu, kama mwalimu. Kwamba huko kwenye kompyuta zilizounganishwa kwa simu kuna kurasa nyingi kama nyasi za mbugani. Hakuna mtu anayeweza kuzijua zote, kwa hiyo kuna mashine za kutafutia zinazopita ukurasa hadi ukurasa zikisoma na kukumbuka. Mtu wa mbali akiandika anachokitaka, mashine inamwambia: nenda hapa kwanza, ukikosa nenda pale. Na wewe, ofisi yenu ya kutengeneza kurasa hizo ilikuwa imekupa ukurasa mmoja wa kujaribiwa nao, wa wale warina asali arobaini na wawili wa huku kwetu msituni, wenye mizinga ya magome, wanaotafuta wanunuzi wa asali na nta. Miezi mitatu. Hakuna aliyekuja. Yule kijana wa meza ya jirani anakucheka. Bosi kakwambia nenda kwenu ukapumzike; miezi miwili ikiisha mashine haijaujua ukurasa wako, kaa hukohuko.

Ukamaliza, ukasema, "Labda nirudi tu nikafundishe shule."

Nikakwambia, "Hiyo mashine naijua. Inaitwa Mzee Deo."

Ukacheka mpaka ukashika mbavu. Mimi sikucheka. Mzee Deo hakuwa kitu cha kuchekesha katika maisha yangu, mwanangu. Kuna wakati nilimchukia mtu yule kuliko kupe.

Tulipohamia hapa kutoka upande wa Shinyanga ulikuwa darasa la pili. Ng'ombe wengi walikuwa wamekufa njiani, lakini mikono yangu ilikuwa mizima. Nilikuwa nalehemu, nafua, nachonga nira, na plau iliyopita mkononi mwangu hairudi msimu uleule. Nasema hivi bila aibu, maana aibu zangu ni tatu tu na hii haimo. Nikaona nchi hii mvua ipo, watu wanakuja na maksai kila mwezi, kila mmoja ana plau na kila plau itavunjika. Nikasema hapa nimefika.

Msimu wa kwanza nilitengeneza plau nne.

Nne, Nyamizi! Na katika msimu huohuo nilihesabu sitini na moja zikipita barabarani mbele ya kiwanja chetu, kwenye baiskeli, kwenye mikokoteni, vichwani mwa watu, zikienda Makanyagio kwa Fundi Lazaro. Unamjua Lazaro, ni mtu mzuri wa kupiga naye soga. Lakini bolti zake zilikuwa zinalegea kabla ng'ombe hawajageuka mara ya tatu shambani. Nilikaa pale nakunja chuma nikisema moyoni: watu wa mji huu ni vipofu, wananionea kwa sababu mimi ni mgeni. Uchungu ule niliulea kama ndama. Ukaota pembe.

Sasa sikiliza nilivyokuwa mjinga, kwa mpangilio.

Nilikuwa na kibao. Nilimwomba mwalimu mmoja mwenye mwandiko mzuri, naye akanichorea kwa rangi ya bluu: KARAKANA YA ZANA ZA KILIMO NA UFUNDI STADI. Nilijivunia kibao kile, hata mvua ikinyesha nilikuwa nakwenda kukifuta. Siku moja niko juu ya paa nagongelea bati, mzee mmoja wa kwetu akasimama chini ya kibao hichohicho na plau begani. Akamuuliza mama mmoja aliyekuwa anapita, "Mayu, fundi plau anapatikana wapi huku?" Yule mama akasema, "Fundi plau? Makanyagio, kwa Lazaro." Mzee akashukuru akaondoka. Kibao kilikuwa kinamgusa kofia.

Hakuna mtu duniani anayeamka asubuhi akasema leo natafuta zana za kilimo na ufundi stadi. Plau imevunjika, anatafuta fundi plau. Basi. Mwalimu hakukosea kuandika, mimi ndiye nilikosea kutaka kuonekana msomi kwa watu ambao shida yao ilikuwa bolti.

Unakumbuka uliponisomea kichwa cha ukurasa wako? Kwa Kiingereza chenu, halafu ukanitafsiria: Karibuni Kwetu, Mazao Bora ya Nyuki kwa Ustawi wa Wote. Nikakuuliza, huyo mnunuzi wa mbali anaandika nini kwenye mashine? Ukafikiri, ukasema, "Asali. Asali ya msituni. Nta ya nyuki kwa gunia." Nikakwambia, haya, na wewe umeandika nini? Ukajipiga paji la uso. Kama mimi siku ile juu ya bati.

Baada ya yule mzee kunipita nilikibandua kibao, lakini nikaruka upande wa pili wa shimo. Nikajisemea, kama tatizo ni maneno, nitawapa maneno. Nikaandika mwenyewe: FUNDI PLAU, BAISKELI, SAA, REDIO, CHEREHANI, VIATU, MISUMENO, KUFULI, MIAVULI. Tisa. Katika tisa nilizokuwa naziweza ni tatu, na ya tatu kwa kubahatisha. Akaja mtu na saa ya marehemu baba yake. Niliifungua. Kuifunga nikashindwa. Aliondoka nayo ndani ya bahasha, vipande ishirini na sita, nilimhesabia ili asiseme nimemwibia. Hiyo ndiyo aibu ya kwanza. Sikuwahi kukwambia kwamba yule mtu alilia.

Kwa hiyo uliponiambia yule kijana wa meza ya jirani amekushauri uandike neno asali mara mia mbili chini ya ukurasa, kwa maandishi meupe juu ya weupe, mashine iyaone na mtu asiyaone, niliona ile bahasha ya saa. Utawavuta, ndiyo. Halafu watafika. Watu wote wanaodanganya kwenye kibao husahau kwamba mteja atafika.

Aibu ya pili ni ya mshale.

Kwenye njia panda ya kuja huku niliweka ubao wenye mshale: FUNDI PLAU, HATUA 200. Kutoka pale hadi hapa ni hatua elfu tatu mia moja na arobaini. Nilizipima baadaye, kwa adabu. Wakati ule nilisema mtu akishaanza kutembea hatarudi. Mvua ya kwanza ikanyesha, ile ambayo mtu akipoteza siku moja ya kulima anaila njaa yake mwezi wa tatu. Akaja bwana mmoja na maksai wawili na plau iliyokatika shingo. Alifika saa sita mchana, jasho limemlowesha hadi mkandani. Hakunisalimia.

"Fundi," akasema, "hizo hatua mia mbili ulizipima kwa miguu ya nani? Ya twiga?"

Nikaanza kucheka, nikidhani ni utani. Hakuwa anatania. Alikuwa na mke mgonjwa na shamba lililokuwa linasubiri. Nilimtengenezea plau yake vizuri kuliko zote nilizowahi kutengeneza, na haikusaidia. Kesho yake alikwenda joshoni kuogesha ng'ombe, akasimulia habari za twiga. Mwezi mzima watoto walikuwa wananiita Fundi Twiga. Hata wewe ulirudi kutoka shule siku moja na mchubuko mdogo juu ya jicho, ukasema umeanguka. Najua hukuanguka. Ulipigana.

Hapo ndipo nikaelewa adui yangu ni nani. Josho. Wafugaji wote wa huku lazima wapeleke ng'ombe kwenye josho la dawa ya kupe, na foleni ni ndefu, na mtu anayesubiri huuliza. Nani anauza mbegu? Mganga wa ng'ombe yuko wapi? Plau nipeleke kwa nani? Na aliyekuwa anaulizwa ni mmoja, Mzee Deo, mwangalizi wa josho, Mkonongo mwenye baiskeli ya kijani na kofia ya pama. Akisema nenda kwa fulani, wanakwenda. Hakuwa na kitabu. Vyote vilikuwa kichwani.

Nikabeba jogoo nikamfuata. Jogoo mwekundu, yule mkubwa uliyekuwa unamwogopa. Nikamkuta anakoroga dawa kwa fimbo.

"Mwangaluka, Mzee Deo."

"Mwangaluka, Msukuma. Naona umekuja na shahidi."

"Ni zawadi tu, mzee. Nilitaka watu wakikuuliza habari za plau, unikumbuke."

Akamwangalia jogoo. Akaniangalia mimi. Akasema, "Jogoo nimemsikia anawika, sauti anayo. Kazi yako sijaiona."

Nikawaka. Nikamwambia utaionaje, hujawahi kuja! Akacheka kwa pua. "Kila Jumamosi ya pili napita kwako na baiskeli hii, nikitoka kwa mwanangu. Nazunguka kwa mafundi wote, naangalia nani yuko wazi, nani kafunga, nani kahama, nani anafanya kazi na nani analala. Nikifika kwako nasimama. Naona minyaa. Nasikia nyundo ndani. Nyundo hata mwendawazimu anaweza kupiga, Msukuma. Nitamtumaje mtu ambaye ng'ombe wake wako juani, kwa kitu nisichokiona?"

Nikarudi na jogoo wangu. Tulimla Jumapili, na wewe ulikula paja.

Minyaa, Nyamizi. Wewe umekulia huku, hujui vile ua ulivyo kwetu. Kwetu mtu akipata kiwanja, kabla hajaezeka nyumba amepanda minyaa kuzunguka. Mji usio na ua si mji, ni kambi. Babu yako aliniambia hivyo, na yeye aliambiwa na babu yake. Mimi nilipofika hapa nilipanda minyaa kabla sijapata hata mlango, nikaimwagilia kwa maji ya kuteka mbali, ikashika, ikapanda, ikafika juu ya kichwa cha mtu mrefu. Niliona nimejenga heshima. Kumbe nilikuwa nimeificha karakana yangu kwa mikono yangu miwili, halafu nikakaa ndani miaka miwili nikilaumu mji mzima kwamba hauna macho!

Nilipomwambia mama yako nataka kuukata upande wa barabara, alisema nimerogwa. Nilikata hatua kumi na nane. Unajua utomvu wa minyaa, ule mweupe kama maziwa. Tone moja likaingia jicho la kushoto. Siku tatu nililala kwenye giza nimefungwa kitambaa, na wewe ndiye ulikuwa unanishika mkono kunipeleka chooni. Jicho lile mpaka leo likiangalia taa linaona mbili. Hiyo ndiyo ada niliyolipa ya somo la kwanza la mashine yako.

Jumamosi iliyofuata Mzee Deo akapita. Akashuka kwenye baiskeli. Hakupiga hodi, aliingia tu. Akaokota ncha ya plau niliyokuwa nimeifua, akapitisha dole gumba kwenye makali, akairudisha. Akakisoma kibao changu kipya, FUNDI PLAU, peke yake. Akaondoka.

Wiki mbili, kimya. Wiki nne, kimya. Nilitaka kuurudishia ua kwa hasira, nilikuwa nimeshachimba mashimo matatu. Wiki ya tano, siku ya Jumatano, asubuhi moja zikaja plau tatu, na watu watatu wasiojuana. Nikamuuliza wa kwanza, umenijuaje? "Tumeambiwa joshoni." Wa pili hivyohivyo. Wa tatu akasema, "Tumeambiwa kuna fundi pale penye ua uliokatwa, mtu unamwona anavyofanya."

Msimu ule nilikata alama kwenye mwimo wa mlango, moja kwa kila plau. Nenda kaziangalie kabla ya kufunga sanduku. Ziko tisini na saba.

Na kuna alama moja ndefu kuliko zote, ile unayoulizaga. Hiyo ni ya Lazaro. Alikuja mwenyewe, mchana kweupe, na plau ya mteja wake iliyomshinda kulehemu. Akaiweka chini, akaangalia pembeni, akasema, "Msukuma, hii inataka moto wako." Nikaitengeneza mbele ya macho yake, wala sikumficha kitu. Toka siku ile zinazomshinda analeta au anaelekeza. Nakwambia ukweli, kusifiwa na watu arobaini nisiowajua hakukunipa wateja kama neno moja la Lazaro. Watu walisema kama hata Lazaro anamtuma mtu kwa huyu, basi huyu ni fundi. Nilingoja aniombe msamaha kwa zile sitini na moja. Hajaniomba mpaka leo. Wala hana kosa, najua. Lakini nangoja.

Basi ile siku ya gogo nilikuuliza, mashine yako inasoma nini ikifika kwenye ukurasa wako? Ukasema inasoma maandishi. Nikasema, na ukurasa wako una maandishi gani? Hapo ukafunga macho. Ukasema taratibu, "Baba, nilitaka upendeze. Kichwa, maelezo, kila kitu nimechora kama picha. Herufi zote ziko ndani ya picha." Nikauliza, mashine inaona picha? Ukasema, "Haioni. Inaona patupu."

Nikakwambia, umepanda minyaa, binti yangu. Wewe ni mtoto wangu kwelikweli.

Siku nne tulizokaa na chaki kwenye mlango wa karakana sitazisahau. Wewe unaandika, mimi nafuta kwa kiganja. Kichwa kimoja kinachosema kilichomo: asali na nta kutoka msitu wa miombo, Mpanda. Maneno ya muulizaji, si ya msemaji wa mkutano. Neno asali pale linapohitajika tu. Swali ambalo mnunuzi ataliuliza, na jibu lake chini yake: inavunwa miezi gani, inachujwaje, inafikaje stesheni. Ukataka kuandika kwamba warina wana tani nyingi tayari. Nikakuuliza ni hatua mia mbili au elfu tatu mia moja na arobaini? Ukafuta, ukaandika kiasi walichonacho kweli. Halafu ukasema kurasa nyingine zikiutaja ukurasa wako, mashine inauheshimu zaidi, nami nikakwambia mtafute Lazaro wako. Ukampata: wale watu wenye ukurasa wa mambo ya nyuki, uliosema unasomwa na wafugaji nyuki wa nchi nyingi. Ukawaandikia barua ya kweli kwa posta, ukawapa habari za mizinga ya magome ambazo hawakuwa nazo.

Ulisimama posta saa nzima na nusu unamsomea Rehema, mwenzako wa ofisini, maneno mapya kwenye simu, ayaingize kwenye ukurasa, herufi kwa herufi. Foleni nyuma yako ilikuwa ya watu kumi na wanne, na mmoja akasema, "Dada, unasoma Biblia nzima?" Wewe hukugeuka. Nilikuwa nje dirishani. Nilijivuna, lakini sikuingia kukwambia.

Halafu tukangoja, na wewe ukakonda. Nilikwambia mashine nayo ina Jumamosi zake, mpaka ipite tena.

Sasa aibu ya tatu.

Telegramu ilifika Jumatatu, si Jumatano. Ilifika saa nne asubuhi. Mimi ndiye niliyekwenda kufungua sanduku la posta. Ilisema: UKURASA SASA WA TATU. WATU KUMI NA MMOJA WAMEANDIKA KUTAKA NTA. NAFASI NI YAKO. FIKA JUMATATU IJAYO AU ATAPEWA MWINGINE.

Nilitaka kupiga kelele katikati ya barabara. Nilikuwa na furaha, elewa hilo kabla hujaelewa mengine. Mtoto wa Fundi Twiga, wa tatu katika dunia nzima! Nikatembea hadi hapa kichwa juu. Nilipofika nikakukuta umekaa kwenye gogo unapaka grisi minyororo, unaimba. Nikaiweka telegramu ndani ya kopo la nati.

Sikupanga. Nilisema nitampa akimaliza wimbo. Halafu nikasema jioni. Treni ya Jumanne ikapiga honi, ikaondoka, na mimi niko nafua chuma kwa nguvu ili nisiisikie. Jumatano saa kumi alasiri ulikuja kuchukua nati kwenye lile kopo, nikakuwahi mkono, nikakupa, nikasema imefika sasa hivi. Saa hamsini na nne. Ungekuwa umefika Dar leo. Badala yake una usiku mmoja tu wa akiba, na treni ikichelewa njiani, usimlaumu mtu wa reli wala bosi wala yule kijana wa meza ya jirani. Ni mimi.

Ukashangilia, ukanikumbatia, ukasema, "Baba, ni wewe na Mzee Deo wako!" Nikakupokea kukumbatia kule nikiwa mwizi.

Nimefikiri sana kwa nini. Nafikiri ni ileile ya kwetu: kitu chako chema unakizungushia ua kwanza, mengine baadaye. Nilikulia ndani ya ua, nikaoa ndani ya ua, nikaficha kazi yangu ndani ya ua, na juzi nikataka kukuficha wewe. Lakini watu kumi na mmoja wamekuuliza, mwanangu. Mimi ni nani niseme hayupo?

Kwa hiyo nenda. Na ukifika kileleni pa hiyo mashine yako, usilale, maana Mzee Deo hupita tena. Kibao kisome kile anachotafuta mtu, kazi iwe kama kibao kilivyosema, njia iwe wazi. Mengine ni rangi. Yule kijana akikucheka tena, mwambie baba yako ana alama tisini na saba mlangoni, msimu mmoja tu.

Barua hii nimeiweka juu kabisa ya nguo zako, si chini. Utaiona jioni hii ukifungua tu sanduku kupanga nguo.

Na jambo la mwisho, ulisome tena treni ikianza kutembea. Unajua kiwanja chetu kinapakana na reli nyuma, na upande ule minyaa haijaguswa tangu tulipofika. Leo asubuhi, mlipotoka tu, nilikata hatua kumi na moja. Moja kwa kila barua ya nta. Mama yako hajaona bado, ataniua. Ukishapita nyumba za mwisho, sogea dirishani upande wa karakana. Kuna pengo, na nitakuwa nimesimama kwenye pengo hilo na kofia mkononi, mtu mzima, naonekana kila upande. Ukiniona nafuta macho, usihangaike. Utomvu ule hukaa siku mbili tatu.

Baba yako,
Fundi Plau